Dakika Kumi na Moja za Mzee Sikazwe

Jana mchana nilishiba ugali wa ulezi na samaki aina ya migebuka, nikajilaza kwenye kochi, na kabla mke wangu Yustina hajamaliza kunigombeza kwa kulala na viatu nilikuwa nimeshaanza kuota.

Katika ndoto mlango wetu wa jikoni ukawa mlango wa nyumba ya mitambo. Nazungumzia nyumba ya mitambo ya stesheni yetu ya zamani ya masafa ya kati, nje kidogo ya Sumbawanga, kinamasini, kwa sababu mawimbi ya aina ile hupenda ardhi yenye maji. Nyumba hiyo siku hizi haina hata bati. Mtambo uling'olewa, mlingoti ulikatwa vipande ukapakiwa kwenye lori, na nyaya za shaba zilizokuwa zimefukiwa chini walishazifukua watu ambao sitawataja, maana wengine tunasali nao.

Lakini jana mtambo ulikuwepo, mzima, umesimama ukutani, taa zake zinawaka. Ulinitazama kwa mita zake mbili.

"Umechelewa," ukasema.

Nikauliza nimechelewa nini. Ukajibu kwamba kama ungejua ungekuwa fundi, na fundi hapa ni mimi.

Sasa inabidi nieleze kidogo, la sivyo mtu atadhani wale migebuka walikuwa wameoza.

Redio za masafa ya kati zina tabia mbili. Mchana mawimbi yake hutambaa na ardhi, yanachoka njiani, yanaishia umbali wa siku mbili tatu za baiskeli. Jua likizama yanapanda, yanagonga anga, kisha yanaangukia mbali sana, nchi za watu, ambako kuna stesheni nyingine inayotumia masafa yale yale. Ndiyo maana kanuni ilitutaka turushe matangazo kwa kilowati kumi mchana, na jua likizama tubaki na moja. Kwa kilowati kumi tulisikika mpaka Bonde la Rukwa. Kwa moja tulisikika mjini tu, na watu wa bondeni wakabaki na mkoromo.

Kazi ya kushusha nguvu ilikuwa ya Mzee Zenobi Sikazwe. Kila jioni alikaa mkono ukiwa kwenye wenzo wa kushushia nguvu, akisikiliza matangazo ya vifo, ambayo yalianza saa kumi na mbili na nusu. Jua likizama yeye hashushi. Anasubiri mpaka marehemu wa mwisho asomwe, mahali pa mazishi patajwe, ndipo anashusha. Kisha anafungua daftari na kuandika kwamba ameshusha dakika ile ile ambayo jua limezama. Aliidanganya stesheni kwa mwandiko mzuri kabisa, miaka kumi na tisa, na hakuna mtu aliyewahi kulalamika.

Mimi ndiye niliyemkamata. Nilikuwa na miaka thelathini na moja, nimetoka kozi, nimeota mapembe. Nilimpima kwa saa yangu ya mkononi jioni sita mfululizo, nikaona anachelewa mpaka dakika kumi na moja, nikaandika ripoti. Wakubwa walifurahi. Wakaleta saa ya kujiendesha, sanduku la kijivu lenye gurudumu la meno ndani yake, ambalo ukishalipangia nyakati za machweo na macheo ya mwaka mzima, linashusha na kupandisha lenyewe bila kumuuliza mtu. Niliifunga mimi. Siku ya kuiwasha Mzee Sikazwe aliuliza swali moja.

"Na vifo je?"

Nikamjibu mbele ya watu: "Mzee, jua halisubiri vifo."

Watu walicheka, nami nilipenda walivyocheka. Mzee alikabidhi funguo akaenda zake kulima maharage. Mwaka uliofuata, mwezi wa sita, alifariki. Mwanawe Gaudensi alileta tangazo stesheni jioni, akiwa amechelewa, likawekwa la mwisho. Siku hiyo jua lilizama saa kumi na mbili na dakika arobaini na sita. Msomaji alikuwa amebakiza majina matatu. Saa yangu ikashusha.

Kule bondeni, binti yake Skolastika alikuwa amekaa na redio kama alivyokaa kila jioni. Akasikia mkoromo. Baba yake akazikwa kesho yake, na habari zikamfikia siku ya tisa, kwa mdomo wa mtu aliyeshuka na mzigo wa viazi. Alipopanda mlima kuja kulia, alimkuta kaka yake anakula kiapo kwamba tangazo lilisomwa, yeye mwenyewe alilisikia kwa masikio yake pale mjini. Skolastika naye akala kiapo kwamba halikusomwa, maana hakubanduka redioni jioni ile. Wakaitana waongo kaburini, mbele ya padri, na hawajasalimiana mpaka leo, miaka ishirini na sita.

Wote wawili walisema kweli. Aliyelijua hilo ni mimi peke yangu, na nilinyamaza. Mwanzoni nilinyamaza kwa kulinda kazi, baadaye kwa aibu, na mwisho kwa mazoea tu.

Basi, turudi ndotoni.

Katikati ya nyumba ya mitambo, kwenye meza yetu ya jikoni, walikuwa wamekaa wanaume kumi waliovaa ovaroli za buluu, wanakunywa chai. Niliwatambua mara moja. Hao ndio walikuwa kilowati zetu. Nimefanya kazi nao miaka na miaka na sikuwahi kuwaona sura. Ni watu wanene, wapole, wenye mabega ya wapagazi. Nikawasalimu, wakaitikia kwa pamoja, na mita ya mtambo ikapanda kidogo.

Mmoja mwenye masharubu, ambaye alionekana ndiye kiongozi wao, alinieleza kazi yao bila mimi kuuliza. Alisema wanabeba majina. Marehemu akishasomwa, jina lake linawekwa mabegani mwao, wanapanda nalo mlingoti mpaka juu, wanashuka nalo upande wa pili na kulipeleka bondeni nyumba kwa nyumba, wakibisha hodi. Kazi si mbaya, alisema, ila inataka watu. Ikifika saa kumi na mbili na dakika arobaini na sita tisa kati yao wanaondoka, anabaki mmoja, naye anaumwa magoti, anazunguka mjini tu.

Mwenye magoti alininyooshea kikombe chake kunisalimu.

"Nani aliyepanga hiyo saa?" nikauliza.

Wote kumi walinitazama, kisha wakarudia chai yao.

Kando ya ukuta kulikuwa na benchi refu la zahanati. Waliokaa hapo walikuwa marehemu wa siku hiyo, kila mmoja ameshika karatasi yake ya tangazo, wametulia kwenye foleni wala hawasukumani. Mama mmoja alikuwa anajipepea kwa karatasi yake. Wa mwisho kabisa, amevaa koti lake la kahawia lenye vifungo visivyofanana, alikuwa Mzee Sikazwe.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba, Ponsi. Habari za mitambo?"

Nikasema ni nzuri. Akaniuliza habari za nyumbani, akauliza kama mvua za mwisho ziliharibu maharage, akauliza kama korongo bado wanajenga viota kwenye mlingoti. Aliuliza kila kitu isipokuwa kile. Angenitukana ningeona nafuu. Nikamnong'oneza kwamba asogee mbele ya foleni, fundi ni mimi, hakuna atakayesema kitu. Akatikisa kichwa na kuniambia kwamba hao waliomtangulia nao wana watu wao bondeni.

Saa ya ukutani ilionyesha kumi na mbili na dakika thelathini na nane.

Nikaenda kwenye sanduku la kijivu. Niliufungua mlango wake nikaona kwamba mle ndani hakuna gurudumu tena, kuna mdomo. Ulikuwa umejaa meno, mia tatu na sitini na matano, meupe yote, jino moja kwa kila siku ya mwaka.

"Leo subiri kidogo," nikaliambia. "Dakika kumi na moja."

"Niandikie," likasema.

"Nakuambia kwa mdomo."

"Mimi sina masikio. Ulinifunga meno tu."

Nikaliuliza, kama halina masikio linanijibuje. Likasema hiyo ni dosari ya ndoto na kwamba niiandikie ripoti, kwa kuwa ripoti ninaziweza.

Niliingiza mkono nikalishika jino la tarehe ile nikavuta. Halikutikisika. Nilikumbuka jinsi nilivyolikaza kwa bisibisi, nikipiga mluzi, nikaongeza mzunguko mmoja ambao haukuhitajika. Nikavuta kwa mikono miwili, nikaweka mguu ukutani. Sanduku lilingoja kwa adabu mpaka nikachoka, kisha likaniambia kwamba yeyote anayetaka dakika azungumze na mwenye dakika, naye huyo anaingia sasa hivi.

Jua likaingia. Lilikuwa fupi kuliko nilivyodhani, limevaa suti ya rangi ya papai, limeshika mkoba. Chai ya wale wanaume ikachemka upya vikombeni. Lilikwenda moja kwa moja kwenye daftari la Mzee Sikazwe, likalifungua, likachomoa kalamu na kuanza kusaini mapema kwa sababu, lilisema, lina safari.

Nikasimama wima kama nilivyosimama siku ya kupewa cheti. Nikaliomba lisubiri kidogo, nikaonyesha benchi, nikaonyesha yule wa mwisho.

Jua liliweka kalamu chini. "Wewe ndiye uliyenisemea."

"Mimi?"

"Mbele ya watu. Ulisema sisubiri vifo. Kusubiri kweli siwezi, kazi yangu ndivyo ilivyo. Ila kusemewa na mtu ambaye hakuniuliza, sikupenda."

Niliomba radhi. Likapokea radhi, likasaini dakika arobaini na sita, likakausha wino kwa kidole. Likifunga mkoba likaniambia kwamba Mzee Sikazwe katika miaka yake yote hakuwahi kuliomba lisubiri, maana alikuwa na akili. Yeye aliomba kule. Likanyoosha kidole kwenye mlango wa nyuma, ule unaotokea kwenye karo letu la vyombo, likaondoka.

Nilifungua mlango ule nikajikuta kwenye baraza la nyumba ya mbali, upande wa magharibi, katika nchi ambayo sijawahi kufika. Mwanamke mmoja wa makamo alikuwa anafagia. Baraza lilijaa takataka za redio: nusu za nyimbo, goli lililofungwa mahali fulani, utabiri wa mvua wa miji nisiyoijua, mtu anayecheka peke yake. Alikuwa anazikusanya kwa ufagio na kuziweka kwenye debe. Sikuhitaji kuambiwa ni nani. Huyu alikuwa jirani yetu wa masafa yale yale, yule ambaye kanuni yote iliandikwa kwa ajili ya kumlinda.

Nilimwamkia, nikaanza kumwomba msamaha kwa niaba ya stesheni kwa majina ya marehemu wetu, ambayo Mzee Sikazwe alimmwagia barazani kwa dakika kumi na moja kila jioni kwa miaka kumi na tisa.

Akaacha kufagia. "Majina gani?"

Nikaeleza tena.

"Baba, kwangu jua linazama baada ya lenu," akasema. "Hizo dakika zenu kumi na moja kwangu bado ni mchana, na mchana hakuna kinachofika hapa. Sijafagia marehemu wenu hata mmoja."

"Hata mmoja?"

"Mzee wenu aliniandikia barua zamani sana, kuniuliza kama wananisumbua. Nikamjibu awasome mpaka mwisho na awape wafiwa pole zangu." Akaegemea ufagio wake akanitazama usoni. "Wewe uliniandikia?"

Nikasema sikuandika. Nikasema niliwaandikia wakubwa.

Akarudi kufagia, nami nikabaki nimesimama na debe lile la takataka miguuni. Roho iliniuma jinsi ambavyo haijaniuma nikiwa macho. Barua moja tu. Kama wiki ile ningeandika barua moja badala ya ripoti, yule mzee angebaki na wenzo wake, na Skolastika angemzika baba yake. Nilikuwa na karatasi, na kalamu nilikuwa nayo mfukoni.

Nilimwomba anipe zile dakika hata kama nimechelewa. Akasema ninazo siku zote, ila akanionya kwamba ruhusa yake ni ya mdomo, na sanduku langu halina masikio.

Narudi mbio. Nyumba ya mitambo sasa ni studio, na bado ni jikoni kwetu. Sufuria za Yustina ziko kwenye rafu yake na kipaza sauti kinaning'inia juu ya jiko la mkaa. Kiti cha msomaji ni kitupu. Saa kumi na mbili na dakika arobaini na nne. Wale wanaume wameshavaa makoti.

Nakaa. Marehemu wa kwanza ananipa karatasi yake, nasoma. Wa pili, nasoma. Nasoma upesi lakini simrukii mtu. Kila jina, kila kijiji, kila mazishi. Mama wa kujipepea ananikosoa namna ninavyolitamka jina la ukoo wake, narudia. Kilowati wanapokea majina mabegani, wanatoka, wanarudi wakiwa na umande kwenye buti. Wamebaki watatu kwenye benchi.

Sanduku linafunga meno. Linatoa mlio mdogo tu, wala hausikitishi. Wanaume tisa wanainuka, wanasukuma viti chini ya meza.

Nakimbilia mlangoni na kumshika mwenye masharubu kwa mkanda wa ovaroli. Namwambia kwamba siwaamrishi, nawaomba. Ananisikiliza hadi mwisho, kisha wanaenda pembeni kushauriana, wote tisa, kwa sauti za chini. Anarudi na jibu. Kanuni inasema waondoke na wataondoka. Ila kanuni haisemi waondoke kwa pamoja, na mlango wenyewe ni mwembamba.

"Tutatoka mmoja mmoja," anasema. "Soma."

Nasoma marehemu wa tatu kutoka mwisho. Kilowati wa kwanza anatoka, anageuka kuaga, anasahau kofia yake, anarudi kuifuata. Namshukuru moyoni. Nasoma wa pili kutoka mwisho. Anatoka mwingine. Kila anayetoka anaondoka na kipande cha sauti yangu.

Mzee Sikazwe anasimama, anafunga vifungo vya koti, ananipa karatasi kwa mikono miwili.

"Ndugu Gaudensi Sikazwe wa Sumbawanga," nasoma, "anasikitika kutangaza kifo cha baba yake mpendwa, Mzee Zenobi Sikazwe, kilichotokea leo asubuhi. Mazishi yatafanyika kesho saa tisa alasiri. Habari ziwafikie ndugu na jamaa wote, na hasa Skolastika Sikazwe, popote alipo katika Bonde la Rukwa."

Ukuta wa studio unaanguka bila kelele, na nyuma yake ni uwanja wa nyumba bondeni, joto, vumbi la jioni. Skolastika amekaa kwenye kigoda na ungo wa mpunga magotini. Ni Skolastika wa umri ule, amesuka twende kilioni. Redio iko juu ya kinu kilichogeuzwa. Mkono wake umesimama juu ya mpunga. Amesikia. Namwona amesikia, na kwa muda mfupi nina furaha ambayo nashindwa kuisimulia.

Mzee Sikazwe ananigusa bega, anapita katikati yetu, anaelekea kwa binti yake. Wamebaki kilowati wanne, na mwenye magoti.

Ningeweza kuishia hapo. Tangazo limekwisha. Lakini nageuza karatasi na nyuma yake kuna mwandiko, na mwandiko ni wangu.

"Skolastika," nasoma, "kaka yako hakusema uongo. Tangazo lilisomwa. Wewe nawe hukusema uongo. Halikukufikia. Sauti ilikatwa njiani."

Wanatoka wawili. Skolastika anaichukua redio na kuipakata, anainamisha sikio.

Anatoka mwenye masharubu.

"Na aliyeikata ni..."

Hapa lazima niseme ukweli, japo ni ukweli wa ndotoni. Muda nilikuwa nao. Kilowati wa tisa alikuwa bado yuko mlangoni, amechutama, anafunga kamba ya buti. Aliifunga, akanitazama, akaifungua, akaifunga tena. Alinipa nafasi mtu yule. Na mimi nilikuwa natafuta neno. Nilitaka kusema saa. Nikataka kusema kanuni. Nikataka kusema wakubwa. Nilipomaliza kuyatupa yote matatu na kubaki na lile moja lililobaki, kamba ilikuwa imefungwa na mlango umejifunga nyuma yake.

Nikalisema. Mwenye magoti alilipokea kwa heshima, akaliweka begani, akatoka nalo kuzungusha mjini. Kule bondeni Skolastika aliitikisa redio, akaiweka sikioni, akaitikisa tena.

Nikaamka.

Jioni ilikuwa imeingia sebuleni. Yustina alikuwa amesimama mbele yangu na simu mkononi, uso wake umekunjamana, uso wa mtu aliyepewa ujumbe usiofahamika.

"Baba Oliva, Skola kapiga."

Yeye na Skolastika walisoma shule moja, hupigiana simu Krismasi na Pasaka. Nikamuuliza kasema nini.

"Hata salamu hakunipa. Kasema nikuulize, ni nani?"

"Nani nini?"

"Na mimi nimemuuliza hivyo hivyo. Kasema wewe unajua. Eti alikuwa anasikiliza vizuri mpaka pale, halafu sauti ikawa ndogo." Alinitazama. "Sauti gani, baba Oliva?"

Nilinyoosha mkono akanipa simu. Ningeweza kusema nitampigia kesho; kwa miaka ishirini na sita ndivyo nilivyokuwa nikijiambia. Nikabonyeza namba. Aliipokea haijamaliza kuita mara ya kwanza. Nilisikia pumzi yake, na kuku wakigombania pa kulala.

Nikataja jina langu, na la baba yangu, na kazi niliyokuwa nikifanya pale mitamboni. Nikataja tarehe na dakika. Nilitaja polepole, kila neno peke yake. Yustina alikaa chini kwenye mkono wa kochi.

Skolastika hakukata simu. Akaniuliza kama kaka yake ameshaambiwa.

Nikasema bado.

"Anakaa wapi siku hizi?"

Nikamwambia nyumba ya tatu kutoka kwetu. Tunachota maji bomba moja.

Nilidhani sasa atakata, na angekata nisingemlaumu.

"Nenda ukamwambie," akasema. "Mimi nipo hapa, nasubiri. Usiizime simu."

Nikatoka nayo hivyo hivyo, imewaka kiganjani, nikaenda kubisha hodi.